Gunia Juu ya Mzani

Inspekta Kokubanza aliitupa flashi mezani. Iliteleza, ikaishia mbele ya Manirakiza, ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba mpaka limefumba.

"Ina nini ndani?"

"Umeshaifungua, afande. Unaniuliza nini?"

"Nakuuliza wewe."

"Kwaya. Nyimbo za kwaya yetu ya Kituntu. Kama kuna sauti ya pili imekukera, sema."

Konstebo Cassian, aliyesimama mlangoni, alitoa kicheko. Kokubanza alimtazama, kikakatika.

Ni kweli ilikuwa kwaya. Alikuwa ameisikiliza yote na hakukuta kitu kingine. Lakini Apolinary, mwenyekiti wa ghala la kahawa la Mabira, alikuwa ameandikisha maelezo kwamba alimwona Manirakiza, fundi wa ghala hilo, kwa macho yake akiichomeka flashi hiyo kwenye kompyuta ya mzani. Dakika hiyo hiyo, alisema, kompyuta ikaganda.

Haikuwa mara ya kwanza kuganda msimu huu, ila safari hii iliganda siku ambayo uwanja ulikuwa umejaa. Watu walisubiri na magunia yao mpaka mvua ikawakuta hapo. Kahawa iliyokaushwa kwa wiki nzima ikalowa, wanunuzi wakawasha magari wakaondoka. Watu walivunja madirisha ya ghala, wakamkamata mwenyekiti, wakamchania shati. Mwenyekiti akapiga kelele kwamba aliyeharibu kompyuta ni Mrundi. Wakamwacha, wakamhamia fundi. Polisi walimtoa mikononi mwao wakamweka mahabusu, na alasiri ya leo watu wa Uhamiaji walikuwa wanakuja kumwona.

Manirakiza alizaliwa Kituntu, na baba yake alizaliwa Kituntu. Babu ndiye aliyetoka Burundi. Kitambulisho chake cha taifa kilikuwa bado namba tu, kadi haijatoka. Ofisa wa Uhamiaji alisema wazi kwenye simu: Kokubanza akifungua jalada la hujuma, wanamchukua, na habari za uraia atajieleza akiwa upande wa pili wa mpaka. Asipofungua, hawana shida naye.

"Jioni ukiwa peke yako kompyuta inawaka," Kokubanza alisema. "Asubuhi mbele ya watu inaganda. Nieleze."

"Nimeshaeleza."

"Rudia."

"Jioni naiwasha, inawaka. Nazima, nalala. Asubuhi nawasha, inaganda. Nazima, nawasha, inaganda tena. Watu wakiondoka, inawaka kama haina dhambi." Manirakiza aliinama mbele. "Afande, mimi ningetaka kuihujumu ningeihujumu nikiwa kwangu nimelala. Ningekuwa mjinga gani wa kuihujumu nikiwa nimezungukwa na watu wenye fimbo?"

"Wajinga wa namna hiyo nimefunga wengi. Asubuhi unafanya nini kabla ya kuwasha?"

"Mimi sifanyi kitu. Wao ndio wanafanya."

"Wanafanya nini?"

"Mzani una betri yake, hauzimwi. Wote wanakuja kuangalia kama unasoma sifuri. Wakiridhika, mtu wa kwanza anapandisha gunia lake. Likishakaa juu ndipo naruhusiwa kugusa kompyuta. Ukiwasha kabla, wanasema umeipika."

"Nani kawafundisha hivyo?"

"Karani wa zamani. Alikuwa anawahi, anawasha akiwa peke yake, magunia yanapungua uzito. Tangu walipomfukuza msimu huu, ni gunia kwanza, kompyuta baadaye. Hata ukileta askofu, hawezi kuwasha gunia likiwa chini."

Kokubanza aliirudisha flashi mfukoni. Kisha akauliza, "Programu ni ya nani?"

"Ya Ikram, yule wa Bugene. Mpigie."

"Nilishampigia. Amesema programu yake haina kosa hata moja."

"Basi mfunge Mrundi," Manirakiza alisema. "Kazi imekwisha."

*

Ofisi ya Ikram ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi la baba yake, mfanyabiashara ambaye watu wa Bugene bado walimwita mtu wa Pangani ingawa meno yake yote yaling'okea hapa hapa. Ikram alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani na kiti kinachozunguka. Hakusimama wageni walipoingia.

"Dada, nilikwambia kwenye simu."

"Inspekta."

"Inspekta. Nilikwambia kwenye simu. Programu yangu inafanya kazi kwenye maghala mengi. Kituntu hawajawahi kulalamika. Mabira peke yake ndiyo inaganda. Sasa tofauti ni nini? Tofauti ni mtu. Na mtu huyo mnaye."

"Unamfahamu?"

"Yule Mrundi? Nimemwona mara moja."

"Mtu uliyemwona mara moja umemtolea ushahidi. Cassian, weka."

Cassian aliweka mezani laptop ya Mabira, akakata utepe wa kielelezo. Kokubanza aliizungusha kabla hajaruhusu iguswe. Ilikuwa na matundu mawili tu ya kuchomekea. Moja lilikuwa la waya wa mzani. La pili lilikuwa limezibwa kwa gundi ngumu, nyeusi.

"Hii gundi ya nani?"

"Yangu. Niliziba kompyuta zote za maghala nilipozifunga, watu wasiingize flashi zenye virusi."

Kokubanza alikwangua gundi kwa ukucha. Haikubanduka. Ilikuwa na vumbi la msimu mzima juu yake.

"Washa."

Ikram aliwasha. Kompyuta ikafunguka, programu ikatokea, ikasema iko tayari kupima. Akazungusha kiti chake, akatandaza mikono.

"Umeona? Nzima kabisa. Mimi sijagusa kitu."

"Mzani unao?"

"Wa kujaribia, ule pale chini."

"Uchomeke."

Akauchomeka, huku akipumua kwa nguvu kama mtu anayepotezewa muda. Akazima kompyuta, akawasha. Ikawaka vizuri.

"Inspekta, nina kazi nyingine."

Kokubanza alivua viatu, akapanda juu ya mzani, akasimama.

"Zima. Washa."

"Umesimama kwenye mzani."

"Najua niliposimama. Washa."

Cassian alinyoosha shingo kuangalia namba za mzani.

"Ukisoma kwa sauti, Cassian, kesho unalinda daraja."

Ikram aliwasha. Kompyuta ikafunguka. Programu ikatokea, nusu ya dirisha nyeupe, nusu haijachorwa. Wakasubiri. Haikusogea. Akabonyeza, akabonyeza tena. Ilikuwa imeganda.

Kokubanza alishuka. "Zima. Washa."

Ikawaka.

Alipanda. Ikaganda. Akampandisha Cassian. Ikaganda. Akamtuma Cassian dukani, akarudi na mfuko wa saruji begani, akaubwaga juu ya mzani. Ikaganda. Ikram alikuwa ameacha kuzungusha kiti.

"Kituntu wanatumia kompyuta ya namna hii hii?"

"Programu ni ile ile." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kituntu ni Windows. Hii ya Mabira ilishambuliwa na virusi mwaka jana, nikaiwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta."

"Una Windows hapa?"

Alikuwa nayo. Waya wa mzani ukahamishwa, mfuko wa saruji ukiwa juu. Wakawasha. Ikawaka, ikasoma uzito wa saruji, ikasubiri kazi.

"Kituntu nao wanatanguliza gunia?"

"Sijui. Sikuwahi kuwauliza wanavyopima."

"Basi hukuwa unajua programu yako inafanya kazi wapi." Kokubanza alivuta stuli akakaa. "Nieleze. Nieleze kama unamweleza hakimu. Hakimu hajui kompyuta, ila anajua kufunga watu."

Ikram alifungua dirisha lingine, akachungulia ndani ya programu iliyoganda. Alisoma muda mrefu, midomo ikicheza. Kisha akavua miwani.

"Ndani ya programu kuna sehemu nyingi," alisema. "Kila sehemu ikitaka kuweka kitu inahitaji memori. Anayegawa memori ni mmoja. Huyo mgawaji nilimwandika mwenyewe, kwa sababu kompyuta za maghala ni dhaifu na mgawaji wa kawaida ni mzito."

"Kwa hiyo ni wako kweli."

"Ni wangu. Sasa, sehemu mbili zisije zikapewa nafasi ile ile, mgawaji ana kufuli. Ukiingia unafunga, unachukua, unafungua. Mwingine akija wakati umefunga, anaambiwa asubiri."

"Mpaka hapo sioni kosa."

"Anayesubiri lazima aingizwe kwenye foleni, ili kufuli likifunguka aitwe. Kwenye Windows, kufuli ninalotumia lina foleni yake tayari, haliombi kitu. Kwenye Linux nilitumia kufuli jingine, lililoandikwa na watu wengine. Lile, mara ya kwanza kabisa mtu anapotakiwa kusubiri, linatengeneza foleni palepale." Alisita. "Na kutengeneza foleni kunahitaji memori."

"Linaomba kwa nani?"

"Kwa mgawaji."

"Ambaye amefungwa."

"Ndiyo. Mwombaji ameishika foleni mkononi, anasubiri mgawaji. Aliyeko ndani kwa mgawaji anataka kutoka, lakini akifungua lazima aangalie foleni kama kuna mtu wa kuita, na foleni imeshikwa. Huyu anamsubiri yule, yule anamsubiri huyu. Hapo hata ukiiacha mpaka Krismasi, haisogei."

"Na gunia?"

"Wakati wa kuanza, sehemu kuu inachukua memori nyingi kwa mpigo. Mzani ukiwa mtupu, sehemu inayosikiliza mzani imekaa kimya, haimkuti mtu kwenye kufuli. Kuanza kukiisha salama, hatua ya mwisho inaitengeneza foleni mapema, mgawaji akiwa wazi, na haikwami tena siku nzima. Lakini gunia likiwa juu tangu mwanzo, mzani unatuma uzito palepale, mfululizo. Msikilizaji anaomba memori wakati ule ule sehemu kuu imeshika kufuli." Aligusa skrini. "Wanakutana mlangoni."

Cassian aliguna. "Kwa hiyo ni mfuko wa saruji uliofanya hujuma."

"Nyamaza, Cassian. Ikram, ulipoiweka Linux uliijaribu?"

"Niliwasha. Ikawaka."

"Na mzani?"

"Ulikuwepo."

"Ukiwa na kitu juu?"

Ikram aligeuza miwani yake mezani.

"Ukiwa na kitu juu, Ikram?"

"Mtupu."

"Kwa hiyo hukujaribu. Uliwasha. Halafu polisi wakakupigia, ukaapa haina kosa, na kwa maneno yako mtu amelala chini siku zote hizi, jicho likiwa hivi." Akakunja ngumi akaisogeza karibu na miwani mezani. "Chukua karatasi. Andika ulichoniambia. Weka sahihi."

"Nikiandika hivyo nimekwisha. Maghala yote yatanirudishia programu."

"Usipoandika, nakuchukua kwa kutoa taarifa ya uongo, na baba yako huko chini atakuona ukipita dukani na pingu. Chagua lako mapema, nina gari la Uhamiaji njiani."

Ikram aliandika. Mkono wake ulikuwa na hasira, kalamu ikatoboa karatasi mahali.

"Kuna njia rahisi," alisema akimpa. "Waambie Mabira wasitangulize gunia."

"Wewe ndiye utaenda kuwaambia? Wale watu waliibiwa. Gunia lao haliteremki kwa sababu mgawaji wako ana kiburi. Rekebisha programu."

Alirekebisha, wao wakiwa wamekaa pale, chai ya duka ikipoa. Kokubanza alimtaka aeleze kila anachogusa. Mgawaji wa memori, alisema, asitumie kitu chochote ambacho nacho kinaweza kuomba memori, kwa sababu kitamrudia mwenyewe. Hivyo kufuli la zamani alilitoa, akaweka jepesi ambalo nafasi yake imetengwa ndani ya programu kabla haijaanza, na likafanya kazi kwa namna moja kwenye Windows na kwenye Linux. Sehemu ya kusikiliza mzani akaizuia isiamke mpaka mgawaji awe tayari. Kisha akawasha, saruji ikiwa juu. Ikawaka. Kokubanza akamfanya arudie mpaka Ikram akaanza kutukana kwa sauti ya chini, na kila mara iliwaka.

"Unakuja na sisi Mabira," alimwambia.

"Kufanya nini?"

"Kuonyesha uso wako."

*

Kituoni, ofisa wa Uhamiaji alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Kokubanza.

"Nipe jalada, Inspekta, tusicheleweshane."

"Jalada halipo. Hakuna hujuma. Kosa ni la programu, aliyeiandika huyu hapa, na maelezo yake haya hapa. Kiti changu."

Ofisa alisoma karatasi, akamtazama Ikram, akairudisha. "Mrundi wako ana bahati," alisema, akatoka.

Kokubanza alifungua mahabusu mwenyewe. "Manirakiza, toka. Uko huru."

"Sitoki."

"Unasemaje?"

"Nikitoka hapa kimyakimya, Mabira watasema nimehonga. Sitafika Kituntu, watanisubiri njiani. Nilitajwa mbele ya watu, nitoe mbele ya watu."

"Mimi siyo mchungaji wako."

"Basi funga mlango."

Kokubanza aliuacha mlango wazi. Kisha akamwita Cassian awashe gari.

Uwanja wa ghala ulikuwa umejaa, kwa sababu watu walikuwa wameambiwa kompyuta inarudi. Walipomwona Manirakiza akishuka, mngurumo ukapita. Mtu mmoja alitema mate chini. Mwingine akauliza kwa Kinyambo kwa nini amerudishwa, na waliokuwa karibu wakacheka kicheko kibaya. Mwenyekiti Apolinary alikuja mbele, shati jipya, plasta usoni.

"Afande, huyu tena? Hapa watu wana uchungu, sitawazuia."

"Hukuwazuia hata siku ile. Nani anapima kwanza?"

Mama mmoja, Costansia, alisogea na gunia lake, vijana wakamsaidia. Sifuri ikaangaliwa. Gunia likapanda. Kokubanza akamwamuru Ikram aweke kwanza programu ya zamani. Ikaganda, na uwanja ukaanza kupiga kelele. Akaamuru gunia literemshwe. Hawakutaka. Ilibidi Cassian alikumbatie na kulishusha mwenyewe huku Costansia akimwita mwizi. Wakazima, wakawasha. Ikawaka. Likapandishwa, wakawasha upya, ikaganda. Kisha Ikram akaweka programu mpya, gunia likiwa juu, mbele ya macho yao. Ikawaka, ikasoma kilo za Costansia.

Watu wakasogea kuangalia namba.

"Aliyeandika programu ni huyu mwenye miwani," Kokubanza alisema kwa sauti. "Kosa ni lake. Huyu fundi hakugusa kitu. Sasa mwenyekiti, ulisema ulimwona akichomeka flashi."

"Nilimwona."

"Upande gani wa kompyuta?"

"Huu." Apolinary akaonyesha.

"Njoo uchomeke." Akampa flashi ya kwaya. Apolinary akainama, akasukuma, ikagonga gundi. Akasukuma tena.

"Labda upande ule mwingine."

"Ule una waya wa mzani. Ukiutoa, kompyuta haisomi mzani, na watu wote hawa walikuwa wanautazama. Nani aliuona umetoka?"

Hakuna aliyeuona. Apolinary alijifuta shingo.

"Walikuwa wananiua, afande. Unajua watu wakikushika? Nilisema cha kwanza kilichonijia."

"Na cha kwanza kilichokujia ni yeye."

"Ningemtaja nani? Wengine wote hapa nimezaliwa nao."

Maneno hayo yaliwafikia wote. Kijana mmoja alinyanyua fimbo, akasogea mbele, wengine nyuma yake, na Apolinary akarudi nyuma mpaka akagonga mzani. Kokubanza akasimama katikati.

"Rudi! Kila mtu arudi! Huyu ni wangu, ametoa maelezo ya uongo polisi. Cassian, mwingize garini."

Apolinary aliingizwa garini kwa haraka kuliko alivyopenda. Watu wakaanza kulegea. Costansia akauliza kama sasa kahawa inapimwa au haipimwi. Mtu akamwambia Manirakiza, kwa sauti ya kirafiki kabisa, "Fundi, pole bwana. Njoo basi utusomee."

Manirakiza hakusogea.

Kokubanza aligeuka akamtazama lile jicho. "Mwenyekiti alikutaja," alisema. "Hakukupiga, alikuwa chini. Waliokupiga ni nani?"

Aliyesema pole alianza kukagua kamba ya gunia lake. Kijana aliiacha fimbo ianguke pembeni ya mguu, taratibu, kama si yake.

Manirakiza alipitisha jicho lake moja zima kwenye nyuso zile, safu kwa safu, mpaka nyuma ukutani. Aliwajua kwa majina na kwa vijiji.

"Wote," alisema.

Kokubanza alitoa kalamu.

"Cassian," alisema. "Funga geti."